Maji ya Kisima Chako Yalinyesha Wapi?

(Mazungumzo kwa wanakamati wa vikundi vya maji. Tumeyaandika karibu na jinsi yalivyosemwa, ili na vikundi ambavyo havikuhudhuria vipate kuyasoma pamoja.)



Leo hatukuja kuzungumza juu ya michango, wala juu ya namna ya kuandika barua ya kuomba msaada. Hayo mmekwisha kuyajua. Tumekuja na swali moja ambalo vikundi vyetu huliuliza mara chache sana: maji tunayoyateka kisimani, yalinyesha wapi, na yalinyesha lini?

Mtu atasema, "Hayo yanatuhusu nini? Maji ni maji, mradi yatoke." Sasa tusikilizane kidogo. Sisi tunaotembea na vikundi tumeona jinsi watu wanavyochanga shilingi kwa shilingi, miaka minne, miaka mitano. Kuku anauzwa, mbuzi anauzwa. Mashine inakuja, kisima kirefu kinachimbwa, maji yanaruka, akina mama wanapiga vigelegele. Baada ya miaka michache maji yanapungua. Halafu maneno yanaanza. Wa bondeni wanasema wa milimani wamekata miti. Wa milimani wanasema shamba kubwa la jirani lina pampu kubwa zaidi. Mwingine anasema fundi alidanganya. Kila mtu ana mshtakiwa wake, na hakuna mwenye ushahidi.

Habari njema ni kwamba maji yenyewe yanaweza kutoa ushahidi. Yanabeba alama ya mahali yalikotoka. Kazi ya kusoma alama hizo na kuzichora kwenye ramani imefanyika hata hapa kwetu Kenya, na ndiyo tunayotaka kuieleza leo kwa maneno ya kawaida.

MAJI MEPESI NA MAJI MAZITO

Mlio na watoto shuleni mmesikia kwamba maji yameundwa kwa vitu viwili, haidrojeni na oksijeni. Lakini kuna jambo ambalo mara nyingi halisemwi. Oksijeni si ya uzito mmoja. Iliyo nyingi ina uzito wa 16. Nyingine chache zina uzito wa 18. Katika maji ya bahari, ukihesabu atomu 1,000,000 za oksijeni, utapata karibu 2,000 za ile nzito. Na haidrojeni ni hivyo hivyo: kati ya 1,000,000, kama 156 ni nzito. Haidrojeni hiyo nzito iligunduliwa Marekani mwaka 1931 na mtaalamu aitwaye Harold Urey.

Ndugu hawa wa jina moja lakini wa uzito tofauti ndio huitwa isotopu. Tafadhali msiogope neno hilo. Maji haya mazito si sumu. Yamekuwamo katika chai yetu na katika uji wetu tangu zamani, na hayamdhuru mtu kwa kiasi hicho. Kuyapima si kutia kitu kisimani. Ni kutazama tu kilichomo.

Sasa, alama inatoka wapi? Inatoka kwa njia mbili, nanyi mnazijua zote mbili kutokana na kazi zenu.

Njia ya kwanza ni ile ya ungo. Mama anapopepeta maharagwe, makapi mepesi yanapeperuka, punje nzito zinabaki. Jua likipiga juu ya ziwa au bwawa, maji mepesi ndiyo hutangulia kupaa kama mvuke. Mazito hubaki nyuma. Basi maji yaliyokaa sana juani, mahali pa wazi, huwa na mazito mengi kuliko maji ya mvua.

Njia ya pili ni ile ya punda mwenye mzigo. Punda akipanda mlima akashindwa, unamtua kwanza gunia zito. Wingu nalo likitoka upande wa bahari na kupanda kwenye nyanda za juu, maji mazito hutangulia kuanguka. Likifika juu kabisa, limebaki na mepesi. Kwa hiyo mvua inayonyesha juu milimani ni nyepesi kuliko mvua ya tambarare iliyo chini yake.

Tofauti hizi ni ndogo sana. Huwezi kuzionja kwa ulimi wala kuziona kwa macho. Hupimwa kwa mashine, na hesabu yake ni sehemu chache katika kila 1,000. Lakini ni tofauti za kweli. Maji yakishaingia chini sana ardhini, mbali na jua, kwa kawaida hayabadilishi alama yake, isipokuwa yakutane na maji mengine wakachanganyika, au yakutane na mawe ya moto sana.

Mwaka 1961 mtaalamu Harmon Craig aliweka pamoja vipimo vya maji kutoka sehemu nyingi za dunia. Akaonyesha kwamba maji ya mvua, yakipimwa haidrojeni yake na oksijeni yake, hujipanga katika mstari mmoja. Maji yaliyokaushwa na jua huuacha mstari huo. Kati ya maji aliyoyatumia yalikuwemo ya mito na maziwa ya Afrika Mashariki. Tangu wakati huo, Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki lenye makao yake Vienna, pamoja na Shirika la Hali ya Hewa Duniani, yamekuwa yakikusanya maji ya mvua ya kila mwezi kutoka nchi nyingi. Entebbe na Dar es Salaam ni kati ya vituo vya zamani vya kazi hiyo. Bila kuijua mvua, huwezi kukijua kisima.

ZIWA LISILO NA MLANGO

Haya, tuje nyumbani. Wengi wenu mnalijua Ziwa Naivasha, kama si kwa kufika basi kwa kupita barabarani mkienda Nakuru. Ziwa hili lilikuwa na fumbo.

Kati ya maziwa ya Bonde la Ufa hapa Kenya, Naivasha ndilo lililo juu kuliko yote, karibu mita 1,890 kutoka usawa wa bahari. Mito ya Malewa, Gilgil na Karati inaingia. Hakuna mto hata mmoja unaotoka. Jua nalo ni kali, maji yanapaa mchana kutwa. Sasa wewe mama wa nyumbani, ukiweka sufuria ya supu motoni, ukawa unaongeza supu kila ikipungua na humwagi kitu, mwisho wake utakuwa nini? Chumvi tupu. Na ndivyo ilivyo kwa Nakuru, Elementaita na Magadi: maji yake ni ya chumvi na magadi. Mbona Naivasha ni maji matamu, samaki wanaishi na watu wananywesha mifugo?

Jibu ni moja tu. Lazima sufuria hii ina tundu chini. Wataalamu walihisi hivyo zamani. Lakini kuhisi si kujua. Tundu liko upande gani? Maji yanakwenda wapi?

Hapa ndipo alama zilipofanya kazi. Maji ya mito, kama Malewa yanayotoka upande wa Nyandarua na Kinangop, ni mepesi kuliko maji ya bahari. Maji ya ziwa lenyewe, kwa sababu ya kupepetwa na jua, ni mazito hata kuliko ya bahari. Maji ya mvua ya milimani na maji ya ziwa hayafanani hata kidogo. Kwa hiyo ukichota maji ya kisima fulani ukakuta ni mazito, tena yameuacha ule mstari wa mvua, unajua hayo yalipita ziwani kwanza. Ukikuta ni mepesi, unajua hayo ni ya mvua iliyozama mlimani. Ukikuta ni ya katikati, basi yamechanganyika, na unaweza hata kukadiria ni kiasi gani cha haya na kiasi gani cha yale, kama vile mtu anavyojua chai iliyotiwa maziwa mengi na ile ya maziwa kidogo.

Wataalamu walizunguka, wakachota visimani, mitoni, chemchemini na ziwani. Kusini mwa ziwa walipata shida, kwa sababu visima ni vichache. Wakatumia akili. Nchi ile ina joto chini, na mvuke hutoka kwenye nyufa za ardhi. Wakaukamata mvuke, wakaupoza ukawa maji, wakapima na hayo, kisha wakapiga hesabu kurudi nyuma kujua maji ya chini yakoje. Matokeo yalichapishwa mwaka 1990 na Darling pamoja na wenzake. Walionyesha kwamba maji ya ziwa yanapita chini kwa chini kuelekea kusini. Alama yake imeonekana pia katika visima vya mvuke vya Olkaria, ambako stima ya kwanza itokanayo na joto la ardhini ilianza kutengenezwa mwaka 1981. Huko yamechanganyika na maji ya mvua kutoka kingo za bonde.

Hebu tulitafakari hili. Mkulima wa Kinangop anapolima mteremko bila matuta, udongo unaingia Malewa. Malewa inaingia ziwani. Ziwa linazama chini. Maji yale yale yanafika kwa watu na mitambo ambayo mkulima yule hajawahi kuiona. Mvua kule juu Nyandarua yaweza kupita milimita 1,300 kwa mwaka, na mji wa Naivasha hupata karibu nusu ya hiyo tu. Kwa hiyo watu wa chini wanaishi kwa mvua ya watu wa juu. Hili si suala la kulaumiana. Ni suala la kujua kwamba kamati ya maji ya juu na kamati ya maji ya chini, hata kama hazijawahi kukutana, zinateka mtungi mmoja.

MSHAHARA NA AKIBA

Mpaka hapa tumesema maji yalinyesha wapi. Sasa, yalinyesha lini?

Kuna aina nyingine ya haidrojeni, nzito zaidi, inaitwa tritiamu. Hii haidumu. Kila baada ya miaka 12 na kidogo, nusu yake huwa imeisha. Huko angani hutengenezwa kidogo kidogo kwa asili. Lakini katika miaka ya 1950 na mwanzo wa miaka ya 1960 mataifa makubwa yalijaribu mabomu ya nyuklia hewani, nayo tritiamu ikaongezeka sana katika mvua za dunia, hasa upande wa kaskazini. Kilele chake kilikuwa kama mwaka 1963. Leo ile ya mabomu karibu yote imekwisha, na kiasi kilichomo katika mvua yetu ni kidogo mno.

Lakini kidogo hicho kinatosha kutupa jibu. Maji ya kisima yakiwa na tritiamu, ujue yapo yaliyoingia ardhini katika miaka ya hivi karibuni. Kisima kinajazwa. Yakiwa hayana kabisa, ujue ni ya zamani, kabla ya miaka ya 1950. Na kwa maji ya kale zaidi hutumika kaboni-14, ambayo nusu yake huisha kwa miaka 5,730. Kwa njia hiyo, sehemu kadhaa za Afrika wamekuta maji yaliyozama ardhini maelfu ya miaka iliyopita, wakati hali ya hewa ilikuwa nyingine na mvua zilikuwa nyingi.

Mweka hazina ataelewa haraka. Maji mapya ni kama mshahara: ukitumia mwezi huu, mwezi ujao unakuja mwingine. Maji ya zamani ni kama akiba aliyoacha babu benki, na hakuna anayeweka tena. Si kosa kuitumia akiba. Kosa ni kuila huku ukidhani ni mshahara. Kikundi kinachoteka maji ya akiba kwa ajili ya kunywa tu, na kwa hesabu, chaweza kukaa nayo vizazi. Kikundi kinachoyamwaga kwenye nyanya usiku na mchana kitawaachia wajukuu bomba kavu. Ndiyo maana tunasema jambo hili si la maprofesa peke yao.

RAMANI HAISEMI YOTE

Tusidanganyane lakini. Ramani ya isotopu inasema maji yametoka wapi na yana umri gani. Haisemi kama ni salama kunywa. Hapa Bonde la Ufa tuna shida ya floraidi, na wengi tunaiona kwenye meno ya watoto wetu. Kiasi ambacho Shirika la Afya Duniani limesema kisizidi ni miligramu 1.5 katika lita moja. Hicho hupimwa peke yake, tena chumvi na vijidudu hupimwa peke yake.

Mnakumbuka habari za Turkana. Mwezi wa Septemba 2013 ilitangazwa kwamba maji mengi sana yamegunduliwa chini ya ardhi, na hasa pahali paitwapo Lotikipi. Nchi nzima ilifurahi. Baadaye maji ya Lotikipi yalipopimwa, yalikutwa na chumvi nyingi kupita kiasi cha kunywa. Fundisho ni hili: kujua kwamba maji yapo ni hatua moja, kujua yalikotoka ni hatua ya pili, na kujua kama yanafaa ni hatua ya tatu. Mtu asiwauzie hatua moja kwa bei ya zote tatu.

Ramani pia haisemi kuna mapipa mangapi. Na kituo kimoja cha kipimo hakitoshi. Chupa moja ni kama shahidi mmoja barazani. Ramani nzuri inahitaji visima vingi, mito, chemchemi na mvua, tena wakati wa mvua na wakati wa kiangazi.

KAZI YA KIKUNDI

Sasa mtatuuliza, "Sisi wa kijijini, mashine hizo tutazitoa wapi?" Hamna haja ya kuwa na mashine. Kuna kazi ambazo mtu wa kutoka mbali hawezi kuzifanya bila ninyi.

Kwanza, wekeni daftari la kisima. Andikeni kilichimbwa mwaka gani, kina chake ni mita ngapi, maji yalipatikana kwa mita ngapi, pampu inafanya kazi saa ngapi kwa siku, na maji yanashuka mpaka wapi wakati wa kiangazi. Fundi akimaliza kuchimba, dai taarifa yake iliyoandikwa kabla ya kumlipa shilingi ya mwisho. Bila maandishi haya, kipimo cha maabara ni kama picha isiyo na jina.

Pili, pimeni mvua. Shule ya jirani yaweza kusaidia. Kipimo cha mvua si ghali, na mtoto wa darasa la sita anaweza kukisoma kila asubuhi.

Tatu, watafiti wakija, wapokeeni, na mjue kazi inavyofanywa. Pampu huachwa ifanye kazi kwanza, ili maji yaliyolala bombani yatoke na maji ya ardhini yenyewe yaje. Chupa hujazwa mpaka pomoni, bila nafasi ya hewa, kifuniko kikakazwa sana, kwa sababu maji yakipaa kidogo tu chupani alama inaharibika. Huandikwa mahali, tarehe na kina, kisha chupa huwekwa mbali na jua. Ukimwona mtu anachota kwenye karai lililoshinda juani, muulize kwa heshima.

Nne, daini majibu. Hili tunalisema kwa uchungu. Mara nyingi watu huja, wanachota, wanaandika, wanaondoka, na kijiji hakisikii tena neno. Kabla hawajaondoka, katibu aandike jina la chuo au ofisi, na wakubaliane ni lini matokeo yatarudi, tena kwa lugha ambayo mkutano wote utaielewa. Maji ni yenu, na habari za maji ni zenu pia.

Tano, kabla ya kuchanga kwa ajili ya kisima kipya, ulizeni katika ofisi ya maji ya kaunti na Mamlaka ya Rasilimali za Maji kama kuna vipimo vya visima vya jirani. Kibali cha kuchimba ni lazima kwa sheria, basi tumieni safari hiyo hiyo kuuliza. Mkikuta maji ya kwenu ni ya akiba, panga matumizi kabla ya kununua pampu.

Sita, tunzeni mahali maji yanapoingilia. Huenda si kwenu. Huenda ni mlimani, umbali wa siku ya mguu. Sheria ya Maji ya mwaka 2016 inatambua vyama vya watumiaji wa maji, ambavyo huwakutanisha wa juu na wa chini katika bonde la mto mmoja. Jiungeni navyo. Mti uliopandwa mlimani na tuta lililochimbwa huko laweza kuwa na faida kwa kisima chenu kuliko pampu ya pili.

Ndugu zetu, ugomvi mwingi wa maji unatokana na watu kutojua. Mtu akijua kwamba maji yake yalinyesha kwa jirani, ataongea na jirani kwa namna nyingine. Na yule jirani akijua kwamba mvua yake inanywewa na watoto wa wengine, naye pia atafikiri kabla ya kukata mti. Hatusemi ugomvi utakwisha. Tunasema mtakapoketi barazani, mtakuwa na jambo la kuwekwa mezani zaidi ya hasira.



MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Tunafikiri maji yetu yanatoka wapi? Ni nani alituambia, na yeye alijuaje?

2. Ni maandishi gani tunayo kuhusu kisima chetu? Yanakaa kwa nani?

3. Je, matumizi yetu ya sasa ni ya mtu mwenye mshahara, au ni ya mtu anayekula akiba?

4. Ni kikundi gani kilicho juu yetu, na ni kipi kilicho chini yetu? Mara ya mwisho tulikutana nao lini?

5. Kuna mtu yeyote aliyewahi kuchota maji yetu kwa utafiti? Majibu yako wapi, na ni nani kati yetu atakayekwenda kuyauliza?